Tuwatembelee Wangali Hai

Kila mwaka unapokaribia kwisha, vituo vya mabasi na stesheni za reli hapa nchini hujaa watu wenye mizigo. Hao ni wafanyakazi wa mijini wanaorudi makwao: huyu amebeba godoro, yule sufuria mpya, mwingine amemshika mtoto ambaye hajapata kumwona bibi yake. Lakini wapo pia, na hesabu yao si ndogo, ambao hawaendi. Hao hutuma fedha kwa simu, husalimu kwa simu siku ya sikukuu, kisha wakaona kuwa wajibu wao umekwisha. Leo twapenda kuzungumza nao, kwa heshima na kwa udugu, juu ya jambo ambalo simu haiwezi kulitenda.

Tutachukua mfano wa njia moja tu, itokayo pwani kupitia Ugogo mpaka Tabora, na kufika Kwihara na Kipalapala. Ni njia ya zamani sana, nayo ina mengi ya kumfundisha mfanyakazi wa leo asemaye kuwa kwao ni mbali.

Umbali ulivyokuwa

Yafaa tukumbuke kwanza maana ya neno "mbali" katika njia hiyo. Kabla ya reli, mtu aliyetoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe alikwenda kwa miguu, na safari ilikuwa ya miezi miwili, mitatu au zaidi. Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni, 1857, nao wakaingia Kazeh, palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua njia hiyo zaidi kuliko mgeni yeyote, na misafara yao wenyewe ilikwenda upesi zaidi. Mpagazi alichukua begani mzigo wa frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30, wa nguo, shanga, waya au pembe ya ndovu, na juu ya huo mkeka wake, chakula chake na silaha yake.

Palikuwa na sehemu mbili zilizoogopwa na kila msafara. Ya kwanza ilikuwa Marenga Mkali, baada ya Mpwapwa, nchi kame ambayo hata jina lake lasema habari ya maji makali. Ya pili ilikuwa Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyamwezi, pori la miiba ambalo visima vyake vilikuwa mbali mbali na vingine vilikauka. Hapo watu walitembea tangu mchana hata usiku ili wayafikie maji, na aliyeachwa nyuma kwa ugonjwa mara nyingi hakuonekana tena. Na katikati ya sehemu hizo mbili ilikuwapo Ugogo yenyewe, ambako kila mtemi alidai hongo kabla ya kuruhusu watu kunywa na kupita. Nchi hiyo haikubadilika hali yake: hata sasa mvua ya Dodoma ni milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo hunyesha kwa miezi michache tu.

Basi pamoja na taabu zote hizo, wapagazi walikwenda na kurudi. Wengi waliondoka kwao baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, wakajitahidi kurudi ili wawahi msimu wa kulima. Walikuwa na kazi ya ujira pwani, na walikuwa na shamba, wazee na watoto Unyamwezi, nao waliipanga safari yao hivi kwamba kazi isiwapotezee nyumba. Hapo mfanyakazi wa leo na aitazame kalenda yake.

Nyumba iliyotembea

Katika Marekani, upande wa kusini-magharibi, ziko nchi za jangwa kama Arizona na New Mexico. Huko wako watu, wengi wao wastaafu, wasafirio kwa magari makubwa yenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, yaani nyumba iendayo kwa magurudumu. Baridi inapoingia kaskazini, wao huteremka jangwani kufuata jua. Njiani hupita kwa watoto wao na wajukuu wao, huegesha ile nyumba uani, wakakaa siku kadhaa pasipo kumdai mwenyeji kitanda.

Msomaji asidhani kuwa jambo hilo ni geni kabisa kwetu. Misafara ya Wanyamwezi nayo ilikuwa nyumba iliyotembea. Wake wa wapagazi walisafiri nao mara nyingi, wakachukua vyungu, mikeka na chakula, na watoto wakatembea pembeni mwa mama zao. Jioni walipofika kambini, walijenga vibanda vya majani, moto ukawashwa, ugali ukasongwa, na watu wakakaa kwa jamaa na kwa vijiji kama walivyokaa nyumbani. Asubuhi kirangozi alipiga ngoma, na ile nyumba ikainuka ikaenda.

Katika makambi hayo kulizaliwa udugu ambao tunao mpaka leo. Utani wa Mnyamwezi na Mzaramo, au Mnyamwezi na Mzigua, wasimuliwa na wazee wengi kuwa ni mtoto wa njia ile. Watu waliopita katika nchi za wenzao, wakala chao, wakauguzwa nao, na wengine wakazikwa huko, walihitaji namna ya kuishi bila kugombana, nayo ikawa mzaha wenye wajibu ndani yake. Mtani hukutania mchana, lakini ukifiwa ndiye wa kwanza kuja kusaidia kazi za msiba. Twajivuna kwa utani huo, na ni haki yetu. Ila tukumbuke kuwa ulipatikana kwa kutembeleana, maana hapana mtu aliyeupata kwa salamu za mbali.

Waliotamani kurudi wasiweze

Itakuwa si haki kuisifu njia hii na kulificha jambo lake baya. Katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa minyororo. Mji wa Tabora ulikuwa soko la pembe, ulikuwa pia kituo cha biashara ya utumwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja, lakini bara biashara hiyo ilizidi kwa miaka mingi. Njia hii imeandikwa tangu mwaka 2006 katika orodha ambayo nchi yetu ilipeleka UNESCO ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na jina lake humo ni njia ya kati ya watumwa na pembe. Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji zote zimetajwa.

Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, hujulikana sasa kwa seminari yake kuu na kwa kazi ya kuchapa vitabu, ambavyo vimefika hata vijiji vya mbali. Lakini katika miaka ya 1880 wamisionari waitwao Mapadre Weupe walikuwa hapo na makao ya watoto yatima, na miongoni mwao walikuwamo waliokombolewa kutoka utumwani. Watoto wale walikuwa na mama zao mahali fulani. Wengine hawakujua tena jina la kijiji chao, kwa kuwa walichukuliwa wangali wadogo mno. Na hata kama mtoto alilijua, nani angempeleka, na kwa njia ipi salama?

Tumfikiri pia Adrian Atiman. Alitekwa utotoni huko Afrika ya Magharibi, karibu na Timbuktu, akauzwa, akakombolewa na wamisionari, akafundishwa utabibu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, baada ya kuivuka nchi yetu kwa msafara. Huko alioa, akawatibu watu, akafundisha dini, hata alipofariki mwaka 1956. Karema ikawa kwao. Aliyenyang'anywa jamaa alijijengea jamaa mpya kwa kazi ya mikono yake.

Twauliza swali moja tu. Ikiwa wale walionyang'anywa njia ya kurudi walilitamani jina la mama maisha yao yote, sisi ambao hatukufungwa na mtu, wenye nauli mfukoni na mama aliye hai, tuna neno gani la kusema?

Mzigo uliochukuliwa mpaka kwao

Kuna habari nyingine ya Kwihara ambayo hutajwa kwa sababu ya Mzungu, nasi tungependa itajwe kwa sababu ya Waafrika waliomo. Livingstone alikaa katika tembe ya Kwihara mwaka 1872. Mwezi wa Machi aliagana na Stanley, akangoja wapagazi mpaka Agosti, ndipo akaondoka kwenda kusini. Mwaka uliofuata alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo Zambia leo.

Wenziwe, wakiongozwa na Chuma na Susi, na pamoja nao Jacob Wainwright aliyejua kusoma na kuandika, wangeweza kumzika pale na kwenda zao. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua begani. Walipofika Unyanyembe walikutana na Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, naye akawashauri wauzike mwili papo hapo. Wakakataa. Walishika ile njia ya Mgunda Mkali na Ugogo mpaka wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari, 1874, na tarehe 18 Aprili maiti akazikwa London kati ya watu wake.

Waliona kuwa mtu hana budi kurudishwa kwa jamaa zake, hata kama njia ni ndefu na hapana awaamuruye. Fikra hiyo ni yetu sana. Mpaka leo mfanyakazi akifa Dar es Salaam, wenzake huchanga, basi hukodiwa, jeneza husafirishwa usiku kucha mpaka Tabora, Urambo au Sikonge. Jambo hilo ni jema, wala hatulilaumu.

Tunalolilaumu ni hili. Mara nyingi katika basi lile la msiba mna watu ambao hawakufika kijijini kwa miaka kumi. Baba alipougua walituma fedha ya dawa. Alipouliza habari zao aliambiwa kuwa kazi imewabana. Alipokufa, ruhusa ilipatikana siku ile ile, nauli ilipatikana, na sare za msiba zilishonwa. Mzee aliyekosa kutembelewa na mtu mmoja alipokuwa anaona na kusikia, leo ametembelewa na watu hamsini naye haoni wala hasikii. Fedha iliyotumika kwa siku tatu za matanga ingetosha safari kadhaa za kumwona mzima. Na desturi hii yazidi kukua, kwa kuwa msiba hauahirishwi, lakini ziara huahirishwa kila mwaka.

Njia imekuwa fupi

Hatuwezi kusingizia umbali. Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928. Safari ya miezi ikawa ya siku. Barabara ya lami nayo hupita Manyoni, Itigi na Chaya mpaka Tabora, katika pori lile lile lililowaua wapagazi kwa kiu. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zimewafikisha abiria Dodoma kwa saa chache tu kutoka Dar es Salaam, na mkataba wa kuijenga reli hiyo kutoka Makutupora mpaka Tabora ulitiwa saini mwaka 2021.

Aliyesafiri kwa treni ya zamani anajua utamu wake. Usiku huiacha milima ya Uluguru na bonde la Kilosa, mchana hukutana na vumbi na mibuyu ya Ugogo. Kintinku hupita, Makutupora hupita, Saranda kina mama huja madirishani na kuku na ugali, ndipo treni hupanda ule ukingo wa bonde kuu kwenda Manyoni. Itigi vichaka hufunga pande zote mbili. Kisha miti ya miombo huanza, na mizinga ya nyuki huonekana juu ya matawi, na Mnyamwezi aliye ndani ya behewa huanza kuongea kwa sauti nyingine. Akishuka Tabora na kusalimiwa "mwangaluka", uchovu wake humwondoka.

Wala hatusemi kuwa njia haina hatari. Tarehe 24 Juni, 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ikagongana na treni ya mizigo, wakafa watu 281. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliivunja reli kati ya Kilosa na Gulwe. Na ajali za mabasi twazisikia. Kwa hiyo wenye dhamana ya reli na barabara wana wajibu mkubwa: kila behewa lililojaa Desemba limejaa jamaa za watu, na huko waendako wako watu wanaohesabu saa.

Sababu zinazotolewa

Tumezisikia sababu za wasiokwenda, na baadhi ni za kweli. Yuko kibarua asiye na likizo, ambaye siku asiyofanya kazi ndiyo siku asiyokula. Huyo hatumlaumu. Lakini kwa mfanyakazi mwenye ajira ya kudumu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa haki ya likizo isiyopungua siku 28 mfululizo kwa mwaka. Haki hiyo ilipatikana kwa madai ya wafanyakazi wenyewe. Kuiacha ipotee, au kuimaliza yote kwenye shughuli za mjini, ni kuidharau.

Yuko mwingine aonaye haya kwenda mikono mitupu. Anajua kuwa kijijini watamwona kama benki: huyu ataomba karo, yule mabati, mwingine deni la pembejeo za tumbaku. Kwa hiyo hungoja mpaka apate fedha nyingi, na fedha nyingi haziji. Twamshauri aende na kidogo alicho nacho, aseme mapema kuwa ndicho hicho. Kilo ya sukari na khanga moja mkononi mwa mama, mwana akiwa ameketi mbele yake, ina uzito ambao hauletwi na ujumbe wa simu.

Nao walioko nyumbani tuwaambie neno. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawakusema mwenyeji ampekue mgeni mifuko. Kijana anayefika na kuulizwa kwanza amekuja na nini, hatarudi mwaka ujao. Apokewe kama mtu, apewe maji, apewe kiti, na shida za ukoo zingoje siku ya pili.

Nini kifanyike

Kwanza, ziara ipangwe mwanzoni mwa mwaka kama ipangwavyo karo ya watoto. Mume na mke wakae, waandike mwezi, waweke akiba ya nauli kidogo kidogo, na zamu ya kwenda upande wa mume na upande wa mke ijulikane. Si lazima iwe Desemba, wakati nauli na msongamano vimepanda. Mwezi wa Julai, baada ya mavuno, wazee wana nafasi ya kuongea na chakula kipo.

Pili, watoto waende. Mtoto wa mjini ajuaye majina ya wachezaji wa mpira wa Ulaya na asiyejua jina la babu wa babu yake amepungukiwa. Aende akajifunze kuamkia shikamoo kwa kupiga goti, amjue mtani na nduguye, aonyeshwe makaburi na shamba, ale asali ya miombo mahali ilipotoka. Na akifika Tabora apelekwe Kwihara aione ile tembe, aambiwe habari za Chuma na Susi na wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa.

Tatu, anayekwenda akakae kweli. Tumewaona wanaosafiri siku nzima, wakifika huketi wameinamia simu, na asubuhi ya pili wanaaga. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: basi mwana asingoje kupewa, alichukue mwenyewe. Atazame paa kama linavuja, amsindikize mzee hospitali, akae jioni amuulize habari za zamani. Mambo mengi ya ukoo hayakuandikwa popote isipokuwa katika kichwa cha mzee huyo.

Ndugu wafanyakazi, mpagazi wa Unyamwezi alivuka Mgunda Mkali kwa miguu, na kilo 30 begani, ili awahi kulima na watu wake. Mwenye siku 28 za likizo na nauli ya basi anaweza kufika. Kabla mwezi huu haujaisha, kila mmoja wetu na aulize kazini tarehe ya likizo yake, kisha awaarifu wazee siku atakayofika, nao waanze kumngoja.